Kiunzi cha mbao za kuchomeka: tathmini ya mtu anayeishi na mbwa wa kazi

Nianze na hukumu kwa faida ya mwenye haraka. Kama una mbwa wa kazi anayetakiwa kuvuka uzio na mageti kwa amri yako, kiunzi hiki, yaani kizuizi cha kumfundishia kuruka, ni chombo kizuri na ningekinunua tena. Ila kipeperushi cha maelekezo kilichomo ndani ya boksi usikifuate, paneli ya wavu usiitumie jinsi ilivyo, na nguzo ziongezee uzito miguuni kabla mbwa yeyote hajazisogelea.

Sasa mbwa wenyewe, maana kusifu au kuponda kifaa cha kurukia bila kumtaja aliyekirukia hakumsaidii msomaji. Kipusa ni jike la kuchunga kondoo, chotara wa border collie, mwepesi, asiyejua kukaa bure. Radi ni malinois dume, mzito kifuani, wa ulinzi wa usiku. Kazi zao hazifanani lakini zinakutana kwenye uzio. Kipusa anatakiwa awahi upande wa pili wa zizi kabla kondoo hawajasongamana getini, wakati mikono yangu yote miwili ina shughuli. Radi anapofuata harufu ya mtu aliyekatiza shamba hawezi kungoja nizunguke hadi kwenye lango.

Wote wawili wanajua kuruka. Mbwa mwenye afya na misuli hafundishwi kuruka, amezaliwa nako. Anachofundishwa ni kutoruka mpaka aambiwe, kuruka pale alipoelekezwa na si pembeni, na kutulia mahali alipotua mpaka asikie neno jingine. Hicho ndicho kipimo nilichokipimia kiunzi hiki. Ndiyo maana maandishi makubwa ya kimo cha juu yaliyochapwa kwenye boksi hayakunigusa sana. Kwa wapenda kimo, rekodi ya Guinness ya mbwa kuruka juu ni ya Feather, greyhound jike wa Marekani, aliyevuka sentimita 191.7 mwaka 2017. Uwezo upo, tena mkubwa. Lakini kondoo hawachungwi kwa rekodi, na geti la kawaida la shamba liko chini sana ya kimo hicho.

Boksi lina nguzo mbili za chuma cha mabati, kila moja ikiwa na mfereji upande wa ndani ambamo mbao huteremshwa kutoka juu. Mbao ni za plaiwudi nene, sita kwa jumla: tano zina kimo cha sentimita 20, moja sentimita 10. Juu yake unalala ufito wa mviringo uliovikwa sponji na turubai, ukikaa kwenye vikombe vifupi. Vyote vikipangwa unafika karibu sentimita 120. Kuna pia paneli mbili za kubadilishia, moja ya wavu wa waya, nyingine ya fito za mlalo kuigiza geti, na pini za kuzikazia.

Upana ni sentimita 150, na hapo mtengenezaji amefikiri. Katika mashindano ya IGP, yanayopima mbwa wa kazi kwa kufuata harufu, utii na ulinzi, na ambayo zamani yalijulikana kwa jina la IPO, kiunzi kimekuwa kwa miaka mingi na kimo cha mita 1 na upana wa mita 1.5, kwa hiyo anayejiandaa kwa mashindano anafanyia mazoezi umbo analolijua. Kwa sisi wa mashamba, faida ya upana ni nyingine. Mbwa anayekwenda kwa kasi akikutana na kiunzi chembamba huona haraka kwamba kukizunguka ni rahisi kuliko kukiruka. Upana huu unampa sababu ya kuchagua katikati.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni zile mbao zenyewe, kwamba zinaziba kuanzia ardhini hadi juu bila mwanya. Watu wengi huanza na ufito mmoja uliolazwa juu ya matofali mawili, halafu wanashangaa mbwa akipita chini. Kwa nini asipite? Chini ni karibu. Ubao uliogusa ardhi unafuta chaguo hilo tangu mwanzo, tena unampa mbwa kitu cha kupimia. Mbwa anayekimbia kuelekea kizuizi anaangalia kinapoanzia chini ili ajue aondoke wapi, na anaangalia kinapoishia juu ili ajue ajikunje kiasi gani. Ukimwonyesha ukingo wa juu peke yake umemnyima nusu ya hesabu. Mbwa aliyejifunza kwenye kiunzi kilichozibwa huja kuuheshimu hata uzio wenye mianya, mradi asiharakishwe.

Ufito wa juu nao unastahili sifa. Ukiguswa unaanguka, na unaanguka pande zote mbili. Vikombe vya viunzi vingi vimezibwa upande mmoja, kwa hiyo ufito huanguka mbwa anapokwenda, lakini anaporudi hukwama na kumpiga miguuni. Mbwa wa kazi anarudi. Katika IGP anatumwa avuke kiunzi akachukue kitu cha mbao chenye gramu 650 na kuvuka nacho tena kurudi kwa mwenye naye. Radi nami tunafanya hivyo kwa kipande cha mti, na sijawahi kumwona akisita wakati wa kurudi.

Rangi ya ufito ndiyo sielewi ilichaguliwaje. Ni nyekundu, yenye michirizi myembamba myeupe. Kwetu sisi nyekundu inang'aa juu ya majani mabichi, lakini jicho la mbwa linatofautisha vizuri buluu na njano, huku nyekundu na kijani zikimfanania. Ufito mwekundu juu ya uwanja wa majani ni ufito uliofichwa. Nimeufunga utepe mpana mweupe na wa buluu, na Kipusa, ambaye alikuwa akiuparaza mara kwa mara kwa kucha za nyuma, sasa anaupita kwa nafasi. Mtu anayeuza kifaa cha mbwa angepaswa kulijua hili kabla yangu.

Miguu ya nguzo ni mifupi na myepesi mno. Upepo wa wastani unatikisa kiunzi kizima kikiwa kimepandishwa, na mbwa mzito akiparaza ubao wa juu kinainama. Mbwa akiona kitu alichokitegemea kinamwangukia, shaka hiyo haitoki upesi, hasa kwa mbwa mchanga. Mimi nimelaza mifuko ya mchanga juu ya kila mguu na kupigilia vigingi kwenye matundu yaliyopo. Matundu yenyewe ni mazuri, ila vigingi havikuja na boksi.

Paneli ya wavu ndiyo iliyonikasirisha. Matundu yake yanatosha wayo wa mbwa wa ukubwa wa kati kupita na kukwama. Niliingiza ngumi yangu nusu nikaona inatosha, nikaiweka kando kabla mbwa hajaiona. Kitu kilichokusudiwa kumzoesha mbwa uzio wa waya hakifai kumshika mguu siku ya mazoezi. Nimeishonea turubai inayofunika sehemu ya juu, na sasa inatumika. Paneli ya fito, ile ya kuigiza geti, haina tatizo hili. Nafasi kati ya fito ni ndogo, na kingo zimelainishwa.

Kipeperushi kina makosa mawili ambayo mbwa ndiye atakayeyalipia. La kwanza, kinaelekeza kupandisha ubao mzima wa sentimita 20 kila mbwa anapofaulu, kana kwamba ule wa sentimita 10 umewekwa kwa urembo. La pili ni zito zaidi: kinamruhusu mtoto wa mbwa wa miezi sita aanze kuruka kimo cha kifua chake. Mifupa mirefu ya mbwa hurefukia kwenye sehemu za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na kwa mbwa wengi wa ukubwa wa kati na wakubwa sehemu hizo hufunga kati ya miezi 12 na 18, kwa wale majitu baadaye zaidi. Zikiumia kabla ya kufunga, mfupa unaweza kubaki mfupi au kukua umepinda. Mtoto wa mbwa ana mengi ya kujifunza bila kuruka: kupita juu ya fito zilizolazwa ardhini, kukaa mbele ya ubao wa chini kabisa, kungoja, kusikiliza. Ukimaliza hayo umeshamaliza sehemu ngumu. Kimo kinamngoja akomae, na kabla ya kukipandisha mpeleke kwa daktari wa mifugo amwangalie nyonga na viwiko, kwa picha za eksirei ikiwezekana, hasa kama ni wa ukoo unaojulikana kwa nyonga mbovu.

Nasisitiza hili kwa sababu mwili wa mbwa unalipa gharama ya kuruka wakati wa kutua, na watu huangalia kupaa tu. Mbwa akiwa amesimama, takriban asilimia 60 ya uzito wake iko kwenye miguu ya mbele. Miguu hiyo haikuunganishwa na kiwiliwili kwa mfupa wa mtulinga kama wetu. Inashikiliwa na misuli na kano. Anapotua, miguu ya mbele ndiyo inayogonga ardhi kwanza, tena kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kusema amri ni nini kilicho ng'ambo. Zege hapana. Majani yaliyolowa, hapana. Udongo ulioshikana kiasi na usioteleza, ndiyo. Kiunzi hiki kinahamishika na mtu mmoja, na hiyo ni sifa kubwa, kwa sababu naweza kukifuata mahali ardhi inapofaa badala ya kung'ang'ania sehemu moja mpaka pachimbike.

Ninavyokitumia ni hivi. Kipusa anatembea na kukimbia taratibu kwanza mpaka misuli ipate moto. Ubao mmoja chini. Anakaa hatua kadhaa nyuma yake, nami nakaa kimya. Kimya hicho ndicho somo. Asipotikisika, nasema "Vuka!" mara moja, anavuka, na akitua nasema "Lala!" naye analala pale pale, akinitazama kupitia juu ya ubao. Nakwenda kumpa zawadi yake kule kule alikolala, maana zawadi ikitolewa upande wangu atajifunza kugeuka angali hewani ili anirudie. Baadaye ndipo inakuja amri ya kumrudisha, naye anarudi kwa njia ile ile ya juu. Katika mashindano ya mbwa wa kazi ya Uingereza wanataka hivyo hivyo kwenye ukuta wa futi 6: mbwa avuke, atulie ng'ambo, kisha aitwe arudi juu ya ukuta. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba mbwa aliyevuka na kutokomea hana kazi.

Mwanzoni naweka vizuizi vyepesi vya wavu pande zote mbili ili njia iwe moja. Vikiondolewa, ndipo unajua kama mbwa ameelewa. Narusha kipande cha mti ng'ambo, makusudi kikiangukia pembeni, ili njia ya kuzunguka iwe fupi na ya kuvutia. Radi alizunguka. Simkemei, nalichukua lile gogo kabla hajalifikia, anarudi kukaa, tunaanza tena. Mbwa mwenye akili akiona kwamba kuzunguka hakumpi kitu na kuvuka kunampa kila kitu, hahitaji kupigiwa kelele.

Kuna mzee mmoja aliyefundisha mbwa wa doria maisha yake yote, nilimwomba aje amwangalie Kipusa akiwa kwenye ubao wa tatu. Alimtazama akivuka mara mbili, akaniambia, "Mwanangu, mketishe tena. Sasa usiseme kitu, inua bega tu."

Nikainua bega. Kipusa akaondoka, akavuka vizuri, akalala.

"Umeona, mzee, amevuka bila kugusa," nikasema.

"Amevuka bila kuambiwa," akanijibu. "Anasoma bega lako. Neno lako bado halijaingia. Siku utakapoinama kufunga kiatu karibu na barabara, atavuka."

Maneno yale yalibadilisha namna ninavyokitumia kifaa hiki kuliko kipeperushi kingeweza. Mbwa husoma mwili kabla ya sauti; ndivyo walivyo. Tangu hapo namketisha Kipusa mbele ya kiunzi kisha natembea, nainama, nakimbia kukipita, natupa mpira, namwita Radi, na yeye anabaki amekaa. Neno likitoka ndipo anaondoka, hata nikiwa nimempa mgongo. Mbwa akiweza hivyo kwenye ubao mmoja, kupandisha mbao ni suala la misuli na subira tu.

Kupandisha kwenyewe: sentimita 10 kwa kutumia ule ubao mdogo, na sipandishi mpaka mwendo wake uwe uleule kuanzia mwanzo hadi kutua. Ninachotazama ni mahali anapoondokea. Mbwa anayeruka kwa utulivu huondoka kwa umbali ambao kwa kawaida ni mkubwa kuliko kimo chenyewe, anachora upinde mpana, anatua akiwa anaendelea mbele. Anayeondokea chini ya ubao hulazimika kupanda wima, mgongo ukiwa umekunjamana, na kushuka wima vilevile, na hapo ndipo mabega yanapoumia. Dawa yake ni kulaza ufito mmoja ardhini mbele ya kiunzi ili umsogeze nyuma anapoondokea. Ufito huo haupo ndani ya boksi. Mti wowote ulionyooka unatosha. Ufito wa juu ukiangushwa mara ya pili katika zoezi moja, nashusha kimo, anaruka kidogo na kwa furaha, tunafunga. Mbwa aliyechoka anaendelea kuruka kwa sababu anatupenda, si kwa sababu mwili wake unaweza. Mikupuo michache kwa zoezi inatosha, na kesho yake apumzike asiruke.

Jirani yangu alikuja akasimama, akaangalia, kisha akauliza swali ambalo nadhani kila msomaji analo: "Jirani, huoni unamfundisha mbwa kutoroka?"

Ni swali la haki, na wauzaji wa vifaa hivi hawaligusi. Ukweli ni kwamba kila kuvuka kunajilipa kwenyewe. Ng'ambo kuna kitu, na mbwa akishagundua kwamba anaweza kukifikia, zawadi yako si zawadi pekee tena. Kwa hiyo nina mipaka. Uzio wa mpaka wa shamba hatuufanyii mazoezi hata siku moja; tunatumia uzio wa ndani, unaotenganisha malisho na malisho. Kuvuka bila amri hakuzawadiwi, hata kama kumenifurahisha macho. Na mahali anapolala Radi pamezibwa juu. Kama usalama wa mbwa wako au wa majirani unategemea uzio wa mita moja peke yake, usinunue kiunzi hiki. Mfundishe kungoja getini, na geti ulifungue mwenyewe.

Kutoka kwenye mbao kwenda kwenye uzio halisi ni safari ambayo kifaa hiki kinakufikisha nusu tu. Geti la fito ndilo la kuanzia. Hatari yake ni mguu kupenya katikati ya fito, kwa hiyo nafungia turubai upande wa mbele, mbwa aone kitu kilichozibwa kama alichokizoea, kisha naikunja kidogo kidogo kutoka chini kadiri siku zinavyokwenda. Geti liwe limefungwa kwa komeo, lisicheze. Kabla ya kumtuma nazunguka mwenyewe kuangalia anakotua: kisiki, mtaro, chuma kilichosahauliwa, kondoo aliyelala. Mbwa akiwa chini hawezi kuona hayo yote, na atakuamini.

Uzio wa waya laini unafuata, na huo nauogopa kwa sababu maalumu. Mbwa akipungukiwa kidogo, mguu wa nyuma huingia kati ya waya wa juu na ule unaoufuatia. Anapoangukia ng'ambo, nyaya hizo mbili husokotana juu ya kifundo na kumning'iniza kichwa chini. Kadiri anavyopigana ndivyo zinavyokaza. Kwa hiyo nafunika nyaya mbili za juu kwa ubao au gunia nene mahali pamoja, na Kipusa amefundishwa kuvukia hapo tu. Nikitoka naye, koleo la kukatia waya liko mfukoni. Ukosi nao namvua, au namvisha unaoachia ukivutwa kwa nguvu, maana ukosi ulionasa kwenye kichwa cha nguzo unaweza kumnyonga mbwa mbele ya macho yako. Seng'enge ya miiba na uzio wa umeme simtumi, si yeye wala Radi. Hapo tunazunguka, hata kama mwizi atatuacha.

Wanaouliza kama kiunzi hiki kinafaa kufundishia kukwea kuta, jibu ni hapana, na msijaribu. Kuruka bila kugusa na kukwea ni kazi mbili tofauti zinazohitaji amri mbili tofauti. Anayekwea hushika ukingo kwa miguu ya mbele na kujisukuma kwa ya nyuma, na nguzo hizi hazikujengwa kubeba mbwa anayening'inia. Ukuta wa IGP, ambao kwa miaka mingi umekuwa na kimo cha sentimita 180, umeinama pande zote mbili, na mteremko wa upande wa pili unampunguzia mbwa kishindo cha kushuka. Ukuta wima ni mzigo mwingine kabisa. Kwenye French Ring, mashindano ya Kifaransa ya mbwa wa ulinzi, unafika hadi mita 2.30, na wanaofika huko wana mbwa waliochaguliwa na kutayarishwa kwa muda mrefu. Radi anajifunza kukwea kwenye mbao zilizoegemezwa kwa mteremko, kwa neno "Panda!", na zile mbao ni za kwetu, tulizigongomelea wenyewe.

Kuhusu uimara: mabati hayajashika kutu. Plaiwudi ni habari nyingine. Kingo zake zilikuja zimepakwa rangi mara moja tu, na mvua ilipoingia tabaka zikaanza kuachana kwenye pembe. Nimezipiga msasa, nikazipaka rangi ya mafuta, na ukingo wa juu wa kila ubao nimeuvika mpira uliopasuliwa kwa urefu, maana yoyote kati yao inaweza kuwa ya juu siku nikitaka kimo cha chini. Uso wa mbao ukilowa unateleza, ila kwa kuwa mbwa hapaswi kuugusa hilo si kubwa. Mbao huvimba kidogo wakati wa unyevu na kukwama kwenye mfereji. Mshumaa uliopakwa pembeni unazifanya ziteremke bila kugongwa nyundo.

Pini mbili zilikuja zikiwa fupi kuliko zinavyotakiwa, paneli ya geti ikawa inacheza. Niliwaandikia, wakatuma nyingine ndefu bila ubishi, pamoja na vikombe vya akiba ambavyo sikuviomba. Ukikinunua, pima pini siku ile ile unapofungua boksi: zinatakiwa zitokeze upande wa pili wa nguzo kiasi cha kutosha kutia kifungo cha kuzizuia zisichomoke.